Vivuli Uani kwa Mzee Mbano

Kisu kilikuwa kimefika nusu ya parachichi kiliporuka.

Osmunda Mwalongo alikiona kwenye skrini, akashtuka kama vile kimeruka mezani kwake. Kule zahanati ya Kihulila, chini kabisa kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mikono miwili ya chuma laini ilikuwa ikimenya parachichi taratibu, kama mama anayemmenyea mtoto, ganda likishuka jembamba kama karatasi. Mwenye mikono hiyo, Daktari Tuntufye, alikuwa amekaa Mbeya, milima mingi kutoka hapo, amevaa glavu zenye nyuzi. Alipokunja kidole Mbeya, kidole cha chuma kilikunjika Kihulila. Ndivyo wagonjwa wa huko walivyopasuliwa siku hizi, na wengi walikuwa hai kwa sababu ya mashine hii waliyoiita Mikono.

Lakini sasa Mikono iliganda. Ilipozinduka iliona imechelewa, ikaruka ili kufidia, na kisu kikazama hadi kwenye kokwa.

"Umeona, dada Osmunda?" Daktari Tuntufye aliuliza kwa upole. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Nashukuru ni tunda."

"Nimeona, Daktari."

"Nimejaribu maparachichi matatu. Yote nimeyachanachana. Mkunga Rozina anasema akitoka hapo atatengeneza kachumbari."

Nyuma ya mikono, Osmunda aliona kitanda, na juu ya kitanda mwanamke kijana aliyefunikwa shuka lenye maua. Alikuwa Wema, mwalimu wa shule ya msingi pale Kihulila. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amelala kingamakingama tumboni na hakutaka kugeuka. Mkunga Rozina, mwanamke mnene mwenye kilemba cheupe, alikuwa akimpangusa jasho huku akimsimulia jambo, na Wema, pamoja na uchungu wote, alikuwa akijitahidi kutabasamu ili asimvunje moyo mkunga.

Barabara ya kupanda mlima ilikuwa imemezwa na maporomoko ya masika. Ndege ya wagonjwa haikuweza kutua kwenye ukungu ule. Ilikuwa ni Mikono, au hakuna.

"Nina muda gani?" Osmunda aliuliza.

"Mtoto bado anavumilia. Mama pia. Lakini ni leo, dada. Haifiki jioni."

"Basi usiondoke kwenye laini. Ninaitafuta hitilafu hiyo."

*

Makutano ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma pembeni mwa mji wa Njombe, na mtu aliyepita nje aliweza kudhani ni ghala la viazi. Ndani yake, mitandao yote ya nyanda za juu ilikutana ili kupeana mizigo: wa hospitali, wa vyuo, wa makampuni ya chai, wa vijiji vyenye ushirika wao wenyewe. Kila mtandao ulikuwa na mlango wake kwenye swichi kubwa, mashine ya kugawa mizigo, katikati ya chumba. Ukutani, waanzilishi walikuwa wameandika kwa rangi ya bluu: HATUFUNGUI CHA MTU. HATUKATI CHA MTU. Osmunda, msimamizi wa nyumba hiyo, aliyapaka upya maneno hayo kila mwaka kwa mkono wake, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Danstan Kikoti, fundi mwenzake, alikuwa amepiga magoti nyuma ya swichi, sweta mbili mwilini na kofia ya sufu kichwani. Mhehe huyu wa Iringa alikuwa na miaka mingi Njombe na bado alilalamikia baridi kama mtu aliyefika jana.

"Mwanga unaingia vizuri," alisema, akichungulia kipimo chake. "Nimefuta plagi za Kihulila. Nimefuta za Mbeya. Nimebadilisha uzi mzima, nikaweka mpya kutoka kwenye mfuko. Bado pakiti zinapotea."

"Hamisha mlango."

"Nimehamisha, bosi. Zinapotea huko huko tulikohamia. Hizi pakiti zina miguu."

Osmunda alijifunga kanga kiunoni, kama alivyofanya kila kazi ilipokuwa kazi kweli, akavuta kiti. Kila tendo la daktari lilikatwa vipande vidogo vidogo, pakiti, na kila pakiti ilisafiri peke yake kama tofali linalopokezanwa mkono kwa mkono na wajenzi. Mmoja akiangusha tofali, ukuta unabaki na tundu. Kwa mtu anayesoma habari, tundu moja si kitu, ataletewa jingine. Kwa kisu kilicho ndani ya mwili, tofali lililochelewa ni sawa na lililovunjika.

Aliita grafu ya mzigo wa siku nzima. Ilikuwa imelala kama mtu aliyeshiba.

"Hakuna msongamano," Kikoti alisema juu ya bega lake. "Njia ni nyeupe."

Osmunda alikuwa akifikiria harusi ya mpwa wake. Kama mtu angeuliza nyumba ilikuwa na wageni wangapi, na ukampa wastani wa siku nzima, angedhani kila mtu alipata kiti. Asingejua kwamba chakula kilipopakuliwa watu walisimama hadi barabarani.

"Grafu hii inatupa wastani," alisema. "Inaficha. Niletee swichi inavyopumua pumzi kwa pumzi."

Mstari ulipochorwa upya, ulikuwa umejaa miiba. Utulivu, halafu mwiba mrefu. Utulivu, mwiba. Kila mwiba ulikuwa mfupi kuliko kupepesa jicho, na kila ulipochomoza, foleni ilijaa hadi pomoni na pakiti za Mikono zikamwagika.

"Inatoka mlango wa kijiji cha Lituhanga," Kikoti alisema polepole. "Ina alama ya msiba."

Osmunda aliinama karibu na skrini kuhakikisha.

Alama hiyo ilikuwa fahari ya Makutano. Tangu vivuli vilipobuniwa, mtu aliyekuwa mbali aliweza kuhudhuria msiba akiwa umbo la mwanga. Alikaa uani na wenzake, akashika tama, akaimba nao. Waanzilishi walikubaliana kwamba kama vile magari yanavyosogea kando jeneza likipita, pakiti nazo zitasogea. Ndipo wakaiweka ndani ya swichi akili waliyoiita Mpishaji, ambayo kazi yake ilikuwa moja: ikiona alama ya msiba, inawaambia wengine wote wapishe. Wakati huo Mikono ilikuwa na mkongo wake wenyewe, ikawa haihitaji kupishwa na mtu. Masika ilipoangusha mlima, mkongo ule ulikatika, na leo kwa mara ya kwanza Mikono ilikuja kupita hapa pamoja na umati, nyuma ya misiba.

"Tuipe Mikono alama, basi," Kikoti alisema. "Alama ya juu zaidi."

"Mpishaji haipokei alama mpya mpaka wanachama wote waseme ndiyo. Walifanya hivyo makusudi, asije mtu akanunua nafasi ya mbele. Nitawatumia ombi sasa hivi. Lakini wengine wako shambani, wengine vikaoni."

"Basi kuna mkasi."

Mkasi ulikuwa amri moja aliyokabidhiwa msimamizi wa Makutano peke yake, ya kufunga mlango mzima ukishambuliwa na wahalifu. Osmunda hakuwahi kuutumia. Ukiukata mlango wa Lituhanga, kijiji kizima kinaingia gizani, na uani kwa wafiwa watu wote wa mwanga wanazimika mara moja, kama taa iliyopulizwa, katikati ya wimbo.

"Angalau tufungue pakiti moja," Kikoti alisema kwa sauti ya chini. "Tuone kuna nini. Msiba gani huu wenye miiba?"

"Danstan. Ungekuwa wa kwenu, ungependa tuchungulie?"

Kikoti aliuangalia ukuta wenye maandishi ya bluu, akakuna kofia yake.

"Basi tufanyeje?"

"Tutafanya kama watu wanavyofanya," Osmunda alisema akishika simu. "Tutauliza msiba ni wa nani."

*

Mtandao wa Lituhanga uliendeshwa na ushirika wa wakulima, na mwangalizi wake alikuwa mama mmoja aitwaye Sigrada. Alipokea simu akiwa anachambua kahawa, punje zikilia kwenye ungo.

"Kamwene, mama," Osmunda alimsalimu, akamjulia hali, akauliza watoto na mvua, maana haraka yake haikuwa kosa la Sigrada. Kisha akasema, "Tunaona mna msiba. Poleni sana. Tunaomba kujua ni wa nani."

"Ahsante, mwanangu. Ni wa Kolumba, mke wa Mzee Otmar Mbano. Alitutoka mwanzoni mwa masika."

"Mwanzoni mwa masika?" Osmunda aliangalia nje. Masika ilikuwa imeisha, baridi ya Juni ilikuwa imekaa juu ya mapaa. "Na matanga bado?"

Ungo ukaacha kulia.

"Ndiyo aibu yetu hiyo," Sigrada alisema. "Bado. Kolumba alikuwa mtu wa watu. Vivuli vilijaa ua mpaka vikakaa juu ya mawe ya kusagia. Watu wakamaliza kulia, wakataka kurudi kwenye shughuli zao, ila kila mmoja akimtazama mzee anaona vibaya kuwa wa kwanza kunyanyuka. Basi mmoja akaacha kivuli chake kimekaa pale, kikiinamisha kichwa, yeye mwenyewe akaenda kazini. Mwenzake akaona, naye akaacha chake. Sasa vyote viko pale. Hata changu kipo, na mimi niko hapa na kahawa yangu."

"Na vinafanya nini?"

"Vinakaa tu. Mzee akisema neno, vinaitika. Hata akikohoa, vyote kwa pamoja, 'Pole, Mzee.'"

Osmunda alitazama skrini. Utulivu. Mwiba.

"Pole, Mzee," alinong'ona. Umati mzima wa mwanga ulikuwa ukiinua vichwa kwa wakati mmoja, kwa upendo, na upendo huo ulikuwa ukiimwaga Mikono ya daktari chini.

"Kwa nini hamkuanua, mama?"

"Nani aanue bila mtani wa kutuchekesha? Sisi Wangoni watani wetu ni Wahehe. Walikuwa waje kutoka Iringa na barabara ikakatika. Wazee wakasema mtani haji kwa kivuli, lazima aje na miguu yake, aibe nyama, amwagiwe maji. Tukangoja barabara."

Kitu kilianguka nyuma ya Osmunda. Kikoti alikuwa amedondosha kipimo chake.

"Kolumba wa Lituhanga?" aliuliza. "Aliyekuwa na mwanya? Anayecheka mpaka anajishika mbavu?"

"Huyo huyo. Nani anauliza?"

"Mama, nilipokuwa nalaza mkongo kupitia kwenu alinikuta nimekaa kwenye mvua. Akaniita mtumwa wake aliyetoroka, akanikokota hadi jikoni akanipa uji wa ulezi. Kila siku, mpaka kazi ikaisha." Kikoti alivua kofia. "Sikujua. Hakuna aliyeniambia."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mhehe, mama," Kikoti alisema. "Ndiye mnayemngoja."

*

Daktari Tuntufye alirudi hewani kabla Kikoti hajamaliza kuvua sweta ya juu.

"Dada Osmunda, mapigo ya mtoto yameanza kushuka. Sina tena nafasi ya kujaribu tunda. Umeipata?"

"Nimeipata. Ni msiba ambao haujaanuliwa. Naweza kuukata sasa hivi kwa kidole kimoja."

"Basi…" Daktari alisita. Yeye pia alikuwa amefiwa. Osmunda alijua, kwani alikuwa amempelekea maua. "Ukikata, inakuwaje kwao?"

"Mzee atabaki peke yake uani, hajui kilichotokea. Na kijiji kizima kitakuwa gizani. Daktari, ninakuomba kitu. Nimempata mtu wa kuanua. Wakati wewe unanawa na Rozina anamchoma mama sindano ya ganzi, nipe nafasi hiyo. Kidole changu kiko juu ya mkasi. Ukisema 'kata,' nakata, na lawama ni yangu."

Halafu sauti nyembamba, iliyochoka, ikatokea nyuma. Ilikuwa ya Wema.

"Ni msiba wa nani?"

"Wa bibi mmoja wa Lituhanga, mwalimu," Osmunda alijibu.

"Waambieni poleni," Wema alisema. "Tutawangoja kidogo."

Osmunda alifuta macho kwa pindo la kanga. Mtu amelala pale, mwanawe anazidiwa, na bado anakumbuka kusema pole.

"Nanawa," alisema daktari. "Nenda."

Katika chumba cha mikutano cha Makutano kulikuwa na duara la sakafu ambalo mtu akisimama juu yake hutoa kivuli. Kikoti alisimama hapo. Alikuwa ameomba kanga ya pili ya Osmunda akaifunga kichwani kama mwanamke mzee, maana mtani humwigiza marehemu.

"Unajua kwamba ukiingia, msiba unaongezeka mtu mmoja?" Osmunda alimwonya kabla ya kurudi kwenye kiti chake. "Miiba itakua kabla ya kupungua."

"Najua, bosi. Niombee."

Sigrada alikuwa ameacha kahawa yake akakimbilia uani kwa Mzee Mbano, na kwa ruhusa ya mama huyo Osmunda aliona yote kupitia simu yake. Ua ulikuwa mpana, umezungukwa na michongoma. Vivuli vilikaa safu kwa safu, vya rangi ya maziwa, vichwa vimeinama. Katikati, kando ya moto wa msiba, mzee mrefu mwembamba alikuwa akisukuma kuni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Alifanya hivyo kama mtu aliyefanya hivyo tangu alfajiri, na jana, na juzi.

Kivuli cha Kikoti kikachipuka langoni, kikashika kiuno.

"Otmar!" kilipiga kelele kwa sauti ya kike. "Otmar wewe! Nani kakutuma kumaliza kuni zangu? Ukimaliza utapikia nini, masikio yako?"

Ua mzima uliganda. Mzee aligeuka polepole sana. Osmunda hakuondoa kidole chake juu ya mkasi.

"Nani huyo?" Mzee aliuliza.

"Bwana wako!" Kikoti alisema kwa sauti yake mwenyewe, akiivua kanga. "Mhehe wa Iringa. Nimekuja kuhesabu watumwa wangu, naambiwa mmoja amekufa bila ruhusa yangu. Huyo Kolumba alikuwa bado hajamaliza kunipikia uji!"

Kona ya mdomo wa mzee ikacheza.

"Mtani haji bila miguu," alisema.

"Miguu ipo Njombe, inaota moto. Ninyi Wangoni hamstahili miguu yangu. Babu zenu waliikimbia ya babu yangu mpaka wakaangusha ngao."

"Tuliangusha ngao?" Mzee alinyanyuka. Alikuwa mrefu kuliko Osmunda alivyodhani. "Sisi? Ninyi ndio mlijificha kwenye pango mkasema mnatafuta asali!"

"Na tuliipata! Mliambulia nyuki!"

Sigrada hakungoja zaidi. Alishika ndoo akammwagia Kikoti maji. Maji yalipita katikati ya mwanga, yakamlowesha mbuzi aliyekuwa amelala nyuma yake. Mbuzi akaruka akalia kwa hasira, akapita mbio katikati ya safu za waombolezaji.

Mzee Otmar Mbano akacheka. Kwanza kilikuwa kikohozi tu, kisha kikatoka kifuani kicheko chenye kutu, kicheko ambacho hakikutumika tangu masika. Akajishika mbavu. Na vivuli vyote, kwa uaminifu wao, vikacheka naye kwa pamoja.

Mwiba ukachomoza kwenye skrini.

"Osmunda!" Daktari Tuntufye aliita. "Nimeganda! Mikono imesimama kabisa. Ni nini hiki?"

"Umeshagusa ngozi?"

"Bado. Kisu kiko juu yake."

"Usishuke. Ni kicheko, Daktari. Ni watu wanacheka. Kitapita."

Kicheko kikapita. Mikono ikatikisika, ikatulia. Kisu hakikuwa kimeshuka hata unywele.

Uani, Kikoti alikuwa amechutama mbele ya mzee, na utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mzee wangu, pole. Kolumba alinilisha nikiwa na njaa. Nimechelewa kwa sababu ya njia. Lakini kuna jambo. Kihulila, chini ziwani, kuna mwalimu kijana, mtoto amekaa vibaya tumboni. Daktari anataka kumtoa kwa Mikono, na Mikono inapita njia moja na msiba wako. Inapisha. Kila mara wageni hawa wakisema pole, Mikono inaganda."

Mzee alipangusa machozi ya kicheko.

"Mama anajifungua," alisema, "na sisi tumemkalia njiani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hamkusema?"

"Tuliona vibaya. Una huzuni."

"Ninayo," mzee alisema. "Nitakwenda nayo shambani. Mahindi yangu yamemezwa na magugu kwa sababu siwezi kuwaacha wageni. Kila asubuhi naamka nawasha moto, nasema leo labda wataondoka. Mgeni wa msiba unamfukuzaje?"

Sigrada alitoa kelele ndogo, akafunika mdomo. Wao walikuwa wamekaa kwa ajili yake, naye alikuwa amekaa kwa ajili yao.

Mzee Otmar alichukua ndoo mkononi mwa Sigrada. Maji kidogo yalikuwa yamebaki chini. Aliyamwaga juu ya moto, na moshi mweupe ukapanda. Kisha akashika ufagio akasimama wima mbele ya safu zote.

"Jamani," alisema. "Mmenikalia vizuri. Kolumba ameona. Sasa nendeni, kuna mtu anataka kupita."

Kivuli cha Sigrada kilikuwa cha kwanza kunyanyuka. Kikapiga goti, kikasema kwaheri, kikayeyuka. Kikafuata cha mzee mwenzake, cha binti aliye ng'ambo, cha kwaya ya parokia safu nzima. Hakuna aliyeona vibaya tena, maana mwenye msiba mwenyewe alikuwa akiwafagilia njia. Nyumba kwa nyumba, ofisi kwa ofisi, watu waliokuwa na kazi nyingine waliona taa ndogo ikiwaka kuwaambia kwamba matanga yameanuliwa, na wengi wao, Osmunda alikuja kusikia baadaye, waliacha walichokuwa wakifanya wakalia kwa dakika chache, kilio cha kweli, kisha wakapata nafuu.

Cha mwisho kilikuwa cha Kikoti.

"Nitakuja na miguu," alisema.

"Njoo na jembe," Mzee alijibu. "Mtumwa hapaswi kuja mikono mitupu." Akanyoosha mkono kwenye nguzo ya ua, akabonyeza kitufe cha alama ya msiba. Ikazimika.

*

Osmunda aliondoa kidole chake juu ya mkasi. Kilikuwa kimekakamaa, akakisugua kwa mkono mwingine. Kwenye skrini mstari ulinyooka, na safari hii haukuwa wastani unaoficha. Pumzi kwa pumzi, ulikuwa safi.

"Daktari," alisema. "Njia ni yako."

Mikono ilishuka. Osmunda, ambaye alikuwa ameiona ikichanachana matunda asubuhi nzima, aliitazama sasa ikifanya kazi kama maji yanavyoteremka: kukata, kushika, kutenga, kwa upole uleule wa mtu aliyekaa mbali kiasi kile. Kikoti alirudi kutoka kwenye duara akasimama nyuma yake, kanga bado begani. Kila baada ya muda alisoma hesabu ya pakiti zilizopotea kwa mnong'ono, kama anasali.

"Hakuna. Hakuna. Bado hakuna, bosi."

Wakati huo majibu ya wanachama kuhusu alama ya Mikono yalikuwa yakiingia pembeni mwa skrini. Sigrada alikuwa ametuma la kwanza, na chini yake ameandika alivyoambiwa na Mzee: msiba nao umpishe anayezaliwa. Chuo kikasema ndiyo. Chai ikasema ndiyo. Watu waliokuwa shambani walisimama na majembe yao wakasema ndiyo.

Kisha mtoto akalia.

Mkunga Rozina alipiga kelele kubwa kuliko mtoto. "Wa kike! Wa kike, na ana hasira!" Mikono ikampokea, ikamweka kifuani kwa mama yake, ikarudi kumshona mama kwa mishono midogo ya kupendeza. Mbeya, Daktari Tuntufye alikuwa akicheka huku machozi yakimdondokea kwenye glavu. Kikoti alimkumbatia Osmunda na kumwinua kutoka kwenye kiti, naye akampiga begani amshushe, kisha akamkumbatia yeye.

"Mama Osmunda," Wema aliita kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetoka usingizini. "Yule mzee bado yupo?"

"Yupo. Yuko peke yake sasa."

"Naomba mumpigie. Nataka amsikie huyu aliyempisha."

Kwa hiyo walimpigia. Simu ya Sigrada ilikuwa imewekwa juu ya jiwe la kusagia, na Osmunda aliuona ua kwa mara ya mwisho: michongoma, majivu yaliyolowa, alama za ufagio kwenye vumbi, na mzee mrefu mwenye jembe begani, aliyekuwa ameshafika langoni. Aliposikia simu alirudi, akainama juu ya jiwe, akatega sikio.

Kilio cha mtoto kilijaza ua wote. Kilikuwa kimepanda kutoka ziwani, kikapita milimani na kwenye nyumba ya tofali pale Njombe, kimekatwa vipande elfu na kuunganishwa tena, na hakuna hata kipande kimoja kilichoanguka njiani.

Mzee Otmar Mbano aliketi juu ya jiwe, jembe magotini, akakisikiliza chote.